Bao la Kuazimwa

Jumatano jioni, Kilburn

Eti tusherehekee! Tumefungwa mabao kumi na mawili kwa moja, na wasichana wangu wameimba kwenye treni njia nzima.

Sisi ni wa daraja la mwisho la hoki ya vyuo, hao waliotufunga ni wa daraja la kwanza. Kombe ndilo lililotukutanisha. Tena tulifika kumi tu badala ya kumi na mmoja, mwenzetu Njeri alikuwa na mtihani, kwa hiyo wakatuazima mchezaji wao wa akiba, Hetal, msichana wa Kenton, hapa hapa London. Akaniuliza kwa adabu, "Kapteni, nicheze wapi?"

Nikamwambia popote anapotaka. Ningemwambia nini?

Kwao Hetal hukaa benchi. Kwetu aliuchukua mpira katikati ya uwanja, akawapita wenzake watatu wa timu yake mwenyewe, akafunga.

Na mimi mwaka mzima nawaambia wasichana kwamba hao wa juu wanatushinda kwa mazoezi tu. Mazoezi gani, jamani!

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba bao lilipoingia, aliyeruka na kupiga kelele kuliko wote ni mimi. Hetal hakushangilia. Alikuwa amesharudi kwenye nafasi yake, anatungoja tumalize.