Mimi Bado ni Mama Hamisi

Hamisi mwanangu,

Huku tupo. Nilitaka kuandika kuwa hatujambo, mkono ukakataa.

Naanika dagaa, naanua. Chakula nakula, sijui kina chumvi au hakina. Tangu tukuzike hadi juzi sikuwa nimelia. Watu walinitazama wakingoja, nami nikawatazama.

Nani mwingine Ujiji hii amezaa bingwa wa taifa? Nauliza tu. Ulikula samaki wangu, migebuka, ukarefuka hadi ukawa unainama mlangoni. Na magoti yalipokataa hukukaa barazani kusimulia. Ukawa kocha, ukawachukua watoto wa wavuvi pale uwanjani Katubuka, wakaenda Dar es Salaam wakarudi na kombe. Nikipiga kelele uwanjani unageuka: "Mama, kocha ni mimi au wewe?" Wote wawili, baba.

Wakumbuka safari yako ya kwanza? Ulisema umechaguliwa kucheza kikapu, nami nikakupa kikapu changu kipya cha dagaa, usije ukaazima cha watu. Hukucheka. Ulipanda nacho treni, ukarudi nacho, medali imo ndani. Ndipo ukanieleza kuwa kikapu ni mpira.

Sasa nikwambie la huku. Baada ya arobaini, wanawake wa sokoni walikubaliana wasinitoneshe kidonda. Wakaanza kuniita Mama Zuhura, kwa jina la mdogo wako. Wema tu. Nikaitika, maana sikuwa na nguvu ya kukataa kitu. Siku zikapita jina lako halitajwi.

Jana tulikuwa shamba la ujamaa, balozi wetu wa nyumba kumi anagawa matuta.

"Mama Zuhura!"

Nikaegemea jembe.

"Mama Zuhura! Umelalia jembe?"

Watu wakacheka. Zuhura mwenyewe akanipiga kiwiko: "Mama, si unaitwa?"

Nikasema, "Huyo hayupo. Yupo Mama Hamisi."

Balozi akakohoa, akaita kwa sauti ndogo, "Mama Hamisi."

"Nipo!" Niliitika kama niko uwanjani. Hapo ndipo machozi yakaja, mwanangu. Nikalima huku nalia, na bado niliwamaliza wote, tuta langu ndilo lililotangulia kwisha.

Zuhura hakununa. Anasema naye atazaa wake, aitwe Mama Fulani.

Lala, baba. Mungu akupe mahali pa kunyoosha hiyo miguu. Nami nakuahidi, atakayeniita kwa jina lako nitamwitikia, hata kama sauti itakatika.

Mimi mama yako,
Mama Hamisi