Mbegu ya Mamba Aliyemla Cubaka

Jumanne, 11 Juni 2019
Tumemzika kaka yangu Cubaka leo, hapa Muganza. Tumezika kilichopatikana. Sanduku lilikuwa jepesi mno — watu wawili wangetosha, lakini walijipanga sita, kwa heshima. Alikuwa anafungulia mpunga maji, mamba akamvuta. Mtoto wa kiume pekee wa Mama. Hakuoa. Hakuacha mtoto.

Jumatano, 12 Juni
Wanaume wametega kitanzi na mbuzi kando ya mto Rusizi. Nami — aibu! — nawaza utafiti wangu wa mamba. Mwaka jana nilikagua viota vyote vya hapa. Yai lililorutubishwa hupata ukanda mweupe kwenye ganda. Niliukuta katika kiota kimoja tu, kile cha karibu na dume huyu aliyemla Cubaka. Madume wengine wameuawa. Na huu ni msimu wa kupandana: mirija yake ya mbegu imejaa. Akifa, mbegu inaweza kutolewa ndani ya saa chache na kugandishwa. Azoti ninayo, ile ya baridi kali ya kuhifadhia mbegu za kupandishia ng'ombe. Kugandisha kutaua nyingi, lakini si zote.
Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 13 Juni
Kitanzi kitupu. Mama hali chakula. Ananishika mkono tu.

Ijumaa, 14 Juni
Amenaswa asubuhi. Wamemmaliza kwa mashoka. Nilipofika na glasiere yangu, sanduku la barafu, Mzee Harelimana, mkuu wa wakulima wa mpunga, alikuwa amekwisha kuwasha moto. Hapa mamba akiuawa, matumbo huchomwa mbele ya watu wote, mtu asije akaiba nyongo akamtilia jirani sumu kwenye pombe. Nikasema nyongo siitaki. Nataka korodani, ziko ndani, karibu na figo.
"Makende ya mamba! Mamzeli, tafuta bwana kwanza!" akadakia kijana mmoja.
Wakacheka. Halafu mwingine akasema wasomi ndio wanajua sumu, na kicheko kikaisha. Harelimana akakata shauri: mzoga ni wa wenye msiba. Maman Nzigire, mama yangu, aseme.
Mama alikuwa nyumbani, mkekani. Nikapiga magoti, nikamweleza. Jua lilikuwa linapanda — joto linaziua mbegu!
"Ile nyama ilikula mutoto yangu. Na weye unataka ipate batoto?"
Ndiyo, Mama.
"Hata ilishakufa?"
Hata hivyo.
"Utaichunga miaka ngapi?"
Mingi, nikasema, ikigandishwa vizuri.
Akaitazama mikono yangu.
"Basi mbegu ya Cubaka, juu ya nini haukuichunga?"
Nikakaza kifuniko cha glasiere.
Mama akainuka mwenyewe — siku ya nne hajala — akatembea mpaka penye moto. "Mumupatie." Neno hilo tu. Harelimana akakata nyongo kwanza, akawaonyesha watu, akaitupa motoni. Ndipo akanipisha, nikazitoa korodani.

Sasa niko chumbani kwa Cubaka. Darubini juu ya meza yake, nguo zake bado ukutani. Tone la kwanza. Nilidhani joto limezimaliza mbegu. La! Zinaogelea. Polepole, lakini zinakwenda. Nyingi sana.
Dawa ya kugandishia sijaichanganya. Mama yuko nyuma ya pazia. Anauliza kama mbegu iko mzima.
Ameuliza tena.
Naandika ili nisimjibu kwamba ya mamba iko hai.