Kopi za Madamu Paluku

Goma, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimia kwa mikono miwili. Goti lako linasemaje na baridi ya Butembo? Maharagwe mmekwisha kuvuna? Sisi huku tu wazima, mimi na bwana yangu Paluku, na tukitembea watu bado wanatuita maharusi. Barua hii nimempa yule mama muuza vitenge unayemjua, anayepita kwa askari wa pande zote mbili za vita bila kufunguliwa mzigo. Isome kabla Papa hajarudi kutoka shambani.

Mama, ndoa ni tamu. Paluku akirudi na lori lake kutoka Kiwanja hupiga honi mara mbili kabla ya kona yetu, ili nijue ni yeye kati ya malori yote. Wakati wa mitihani alishika silabusi yangu, yale masomo ya profesa yaliyopigwa chapa, na kunisikiliza nikisema masomo kwa kichwa, yeye asiyejua hata neno moja la mambo hayo. "Ile neno siwezi kuisoma," anasema, "lakini weye umeisema murefu sawasawa, basi ni yenyewe." Nacheka mpaka nasahau nilikuwa wapi.

Uliniuliza mwaka wa kwanza wa chuo kikuu umenifunza nini. Umenifunza kufika mapema na kiti cha plastiki kichwani, kwa sababu ukumbini wanafunzi ni wengi kuliko mabenchi. Umenifunza kwamba profesa anataka maneno yake mwenyewe kwenye mtihani, si yako, hata yakiwa mazuri. Silabusi moja tuliisoma watu wanne, kila mmoja na siku yake. Hayo yote niliyashika. Ila kuna moja nililijua kwa kuchelewa, na ndilo linalonifanya nikuandikie.

Unakumbuka vita vilisukuma mitihani mpaka ikaangukia wiki ile ile baada ya arusi yetu. Nikakaa kwenye mtihani wa kwanza na pete mpya kidoleni, nikapewa karatasi, na pale juu panapoandikwa jina nikaandika "Madamu Paluku". Sikufikiri, Mama. Mkono wenyewe ulikuwa na furaha. Niliandika hivyo kwenye mitihani yote mitano, na kila mara nililiangalia kidogo lile jina kabla ya kuanza kujibu.

Matokeo yalipobandikwa nilitafuta Kahindo Mwenge, jina nililoandikishwa nalo. Mbele yake palikuwa na neno moja tu, mara tano: hakuwapo. Nikaenda kwa asistanti aliyesahihisha, msaidizi wa profesa, nikamwambia Madamu Paluku ni mimi.

Alicheka mpaka akavua miwani. "Ni weye? Tunatafuta huyo madamu wiki muzima kati ya bibi za maprofesa. Kwangu ana kumi na ine juu ya makumi mbili."

"Basi nimepita?"

"Kupita umepita. Lakini chuo haijui madamu, inajua mutoto aliyejiandikisha. Lete cheti ya ndoa Alhamisi, tutoe kopi zako zote, zile karatasi ulijibia mitihani, tubadilishe jina."

Njia nzima niliimba. Alhamisi nilifunga cheti ndani ya kitambaa, nikatoka. Sikufika mbali. Watu walikuwa wanashuka kutoka Munigi na magodoro kichwani, wakisema volkano imepasuka na moto uko nyuma yao. Paluku alinikuta njiani, akanishika mkono, tukavuka mpaka kwenda Gisenyi.

Tuliporudi, tukipita juu ya mawe yaliyokuwa yanayeyusha ndala, nyumba yetu tuliikuta imesimama. Ofisi ya kitivo, ambamo kopi zilikuwa, haikuwapo. Tulisimama juu ya jiwe jeusi linalotoa moshi, tukibishana ofisi ilikuwa wapi. Paluku anasema hapa, mimi nasema kule. Akachukua chuma cha kufungulia magurudumu, akapiga lile jiwe, akapiga tena. Halikuacha hata alama. Akakaa chini, akaniambia, "Sheri, mpenzi wangu, nisamehe," kama vile ni yeye aliyewasha moto.

Wenzangu hawana shida. Pointi zao zilikuwa zimekwisha kuingia kwenye daftari kubwa, na sekretere wa kitivo alikimbia nalo. Nimeenda kwake mara nne. "Nakuamini, mutoto wangu," ananiambia, "lakini kwa daftari weye haukuwapo, na sina karatasi ya kusema ulikuwapo." Asistanti naye nyumba yake ilimezwa, akaenda kwa ndugu zake Bukavu. Nimemtumia barua mbili, kimya. Naambiwa nianze mwaka wa kwanza upya.

Sasa Mama, unakumbuka siku ya mbuzi za mahari, maneno Papa aliyowaambia wajomba wa Paluku: "Mbuzi nimepokea. Lakini masomo ya huyu mutoto ikianguka ju ya ndoa yenu, nitakuja mwenyewe kumuchukua." Nao wakakubali mbele ya watu wote. Papa hasemi asichofanya. Atasema ndoa ndiyo imeniangusha, na kweli jina nililoandika ni la ndoa. Paluku alitaka kuja kujieleza, ila baada ya Kiwanja wenye bunduki wanachukua malori. Nimemkataza, naye amenikataza njia hiyo hiyo. Kwa hiyo siwezi kuja, yeye hawezi kuja, na karatasi ya kuonyesha hatuna.

Nakuomba umwambie Papa akiisha kula. Mwambie Paluku hakunitoa shuleni, nilikosa mimi. Akisema nirudi, sijui nitafanya nini. Nikikaa, nimemwaibisha Papa. Nikirudi, nimemwadhibu mtu ambaye hakukosa, na moyo wangu wote utabaki huku.

Mama muuza vitenge atakaa Butembo siku tatu na amekubali kungoja jibu. Niandikie maneno ya Papa kama alivyoyasema, usiyalainishe. Kuanzia Ijumaa nitakuwa kila asubuhi pale malori yanapopakuliwa, namngojea huyo mama na jibu lako.

Nisalimie dada yangu mkubwa, Yaya Masika, na mutoto wake mchanga, Mama Mudogo aliyenishonea gauni la arusi, na mjomba mwalimu, ila yeye usimwambie kitu. Papa umsalimie mwisho, baada ya kumwambia, kama atakubali kusalimiwa.

Mimi mutoto wako ninayekupenda,

Kahindo