Kimya cha Mashine Mpya

Usagara, Jumanne

Hasira hii niliyo nayo leo siielewi, maana mashine inafanya kazi vizuri.

Fundi umeme ameifunga leo kompresa ya umeme ya kujazia matairi upepo, ile ya kukaa sehemu moja. Alitaka kuondoka akiwa amefunga boliti tatu tu. Nikamwambia, "Fundi, ina miguu minne. Hesabu." Akacheka, akafunga ya nne, akaweka raba chini ya kila mguu.

"Mzee, hii haina kelele kama lile injini lako la dizeli."

Kelele! Nilianza na pampu ya mkono hapa njia panda, nikajinyima mpaka nikalipata lile injini. Lilinguruma hadi nyumbani. Mama Masanja akilisikia, anajua najaza matairi upepo. Likinyamaza mchana, anasonga ugali, maana mume anakuja kula. Na tangu nilipoanguka ghafla hapa kazini masika yaliyopita, ngurumo ile ndiyo ilikuwa ikimtuliza.

Leo asubuhi akaja mbio, unga bado mikononi.

"Baba Masanja! Mbona kimya? Nimejua umeanguka tena!"

Nikamwonyesha mashine. Akaitazama kama anayemtazama mgeni asiyesalimia.

"Nzuri. Sasa nitajuaje kama upo?"

Wateja walikuwa wanasikiliza.

Jioni nimetundika rimu kuukuu ya lori mlangoni. Kila nikimaliza tairi nitaigonga kwa nyundo. Nikaijaribu mara moja, nikasubiri huku najiona mjinga.

Kutoka kule nyumbani akanijibu, anagonga sufuria.