Katuni za saa kumi na moja

Lundi

Leo hakuna hata mutoto moja alikuja. Televizyo imetoa katuni, wameweka mahubiri.

Zamani katuni ilikuwa samedi tu. Kisha wakaweka kila siku saa kumi na moja, na watoto wa jirani wakajaa mu nyumba yangu. Tangu tulihamia hapa Ngezi kutoka Butembo, ni wao tu walikuwa wananiita mama Furaha. Wamama wao, tunasalimiana tu, basi.

Furaha alikaa peke yake mbele ya pasta. "Mama, wenzangu iko wapi?"

Niliogopa kulia mbele yake.

Kisha jirani, mama Neema, akagonga mulango. "Katuni imeisha, ulete Furaha acheze kwetu. Na weye ukuje, ao unangoja pasta akuambie?"

Nilivaa viatu hata hajamaliza kusema.