Ndege wa Huko Kwenu Wamefika kwa Mama

Manundu,
Korogwe.
Jumapili, 3 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Rehani,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako nimeshaipokea kabla hujaitoa, marahaba. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Pendo, na kwamba kile kifua kinachokubana kila baridi ya huko ikianza safari hii kimekuhurumia. Sisi huku tu wazima, Alhamdulillahi. Jua ni kali na watu wameshalima, sasa wanatazama mawingu tu. Hapa Korogwe pamenyunya kidogo. Kijijini kwetu Mazingara bado kabisa, shangazi Mwanaisha anasema vumbi linaingia hadi ndani ya sufuria ya maharage.

Utashangaa kupata barua zama hizi. Anayeibeba ni Deogratius, ndugu yake Rhoda. Alikuja likizo kwao Lutindi, na wiki hii anarudi huko huko Ujerumani, amesema akifika ataitia posta. Rhoda ni yule jirani yangu muuguzi anayekuja kumnyoosha Mama mkono.

Nimeandika kwa sababu ya maneno yako ya Ramadhani iliyopita. Uliniambia, "Dada, usiniwekee tena Mama kwenye simu. Nakuwa kama naongea na ukuta." Nikakuahidi. Tangu hapo Ijumaa zinapita kimya na mimi ahadi sijaivunja. Lakini kuandika hukunikataza.

Mama anakula vizuri. Mguu umepata nguvu, akishikwa anasimama. Sauti ndiyo ilikuwa haijarudi tangu kiharusi kile cha mwaka jana. Wakati wa sala midomo inacheza, lakini hautoki hata mnong'ono. Hospitali walisema inaweza kurudi na inaweza isirudi, tuendelee kumsemesha. Tumemsemesha, Rehani! Jirani wa nyuma alifikiri nina wageni kila siku.

Sasa nikuambie la jana.

Pale ukingoni mwa Mto Pangani, karibu na daraja, pamesafishwa pakawa bustani. Kuna viti vya saruji na vivuli vizuri, na ng'ambo ya maji ni matete matupu. Rhoda yumo kwenye kikundi cha watu wanaokutana pale Jumamosi jioni kutazama ndege. Ndiyo, kutazama! Watu wazima na akili zao, hawawali wala hawawafukuzi. Akaniambia, "Mleteni bibi apate upepo. Ukuta wa chumbani ameshaumaliza kuutazama." Shemeji yako Sufiani akacheka, "Ndege ninaowajua mimi wanakuja na wali." Lakini bajaji aliikodi yeye, na Mama alimbeba yeye.

Kiongozi wao ni bwana mmoja mrefu anaitwa Godlisten. Tulipofika tu akaweka kidole mdomoni, "Mama zangu, hapa tunanong'ona." Sufiani naye, unamjua, akamjibu, "Basi leo umepata mwanachama. Mama mkwe wangu hana kelele kabisa." Nilimfinya mpaka akaruka.

Godlisten akanipa darubini. Kwanza niliona matope tu na kidole changu mwenyewe. Kisha akaingia mdiria, amekaa kwenye kijiti juu ya maji, mgongo wake wa buluu inayowaka kama moto wa stovu. Nikakumbuka miaka yote niliyopita juu ya daraja lile na ndoo kichwani, nawaza unga na ada za shule, na kiumbe yule yuko chini ya miguu yangu amevalishwa hivyo na Mola wake. Niliona haya, mdogo wangu. Nikasema moyoni, kumbe nimekuwa mgeni kwenye nyumba ya Mungu na sikutazama hata mapambo.

Jua likawa linashuka. Upande wa Ngombezi nikaona kama moshi, nikadhani wanachoma mkonge mkavu. Moshi ukageuka. Ukajikunja, ukaja kwetu, ukawa ndege. Sijui nikuandikieje. Hawakuwa kundi, walikuwa mbingu nzima inayotembea. Wanapinda wote pamoja, wanafunguka, wanafunga, wala hakuna anayemgonga mwenzake. Upepo wa mbawa zao tuliusikia usoni. Hata Sufiani aliacha kutafuna karanga.

Godlisten akanong'ona karibu yangu, "Mbayuwayu. Wametoka Ulaya hawa. Kule majani yakianza kupukutika wanaondoka, wanavuka bahari, wanavuka jangwa, wanakuja kulala kwenye matete yetu."

Rehani, nilishika moyo. Ile picha uliyonitumia mwezi wa tisa, ya kile kibenchi kando ya mto unapokula chakula cha mchana, na vindege vimejipanga kwenye nyaya! Chini yake uliandika, "Hata hawa wanakimbia baridi, mimi nabaki. Sijui wanakwenda wapi." Nami nikakujibu Mungu ndiye ajuaye, kwa kuwa nilikuwa na haraka. Kumbe walikuwa wanakuja hapa! Ndege mwepesi kuliko barua hii, hana ramani wala nauli, na Yupo anayemshika hewani asianguke mpaka afike Korogwe. Machozi yalinitoka. Nikasema, huenda mmoja wao alimwona mdogo wangu akila mkate wake.

Basi wakaanza kushuka. Wanamiminika kwenye matete kama mahindi yanayomwagwa kutoka guniani. Watu wote kimya, hata kukohoa hakuna.

Ndipo nyuma yangu ikapigwa sauti.

"Rehaniii! Kwako hukooo!"

Wallahi sikujua ni nani. Niligeuka nikidhani ni mwanamke mwingine anamwita mtoto wake. Alikuwa Mama. Amenyooka kwenye kiti, macho yako kwenye matete, na mkono ule mzima unazungusha teo la kurushia mawe ambalo halipo.

"Rehaniii! Wameshuka! Kwako hukooo!"

Sauti ile ile ya Mazingara, ya juu ya dungu lile la miti, alipokuwa anaamia mpunga wa bondeni usiliwe na ndege. Unakumbuka mwenyewe, yeye dungu la juu penye kichuguu, wewe dungu la chini penye kijito. Ndege wakishuka upande wako anakuita, nawe unajibu, "Nimewaonaaa! Haooo!" Tangu alfajiri mpaka magharibi mlikuwa mnaitana hivyo. Mimi nilikuwa wa jikoni, sauti zenu nilizisikia nikiwa natwanga. Mama aliona matete yale na ndege wale, akadhani kwelea wameingia shambani. Akamwita mwenzake.

Matete yalilipuka. Ndege wote waliokwishashuka wakapanda kwa mara moja, mpaka jua likazibwa na maji ya mto yakawa meusi. Nilisema Allahu Akbar kwa sauti, na Rhoda pembeni akasema Bwana asifiwe, na hakuna aliyetunyamazisha. Mama mmoja wa kikundi akawa anahangaika, "Rehani ni nani? Kuna mtoto ametumbukia mtoni?" Godlisten, ambaye Mama alikuwa amemharibia jioni yake yote, alivua kofia akasimama nayo mkononi. Sufiani nilimkuta amekaa chini kwenye nyasi anafuta uso kwa shati.

Nilimkimbilia Mama nikapiga magoti nikajibu mimi, "Nimewaona, Mama! Hao!" Akanitazama, Rehani. Alinitazama vile unavyomtazama mtu aliyeitikia wito usiokuwa wake. Kisha akarudisha macho ng'ambo ya maji, akatega sikio. Ndege walizunguka, wakaanza kushuka tena taratibu. Mama akaita mara nyingine, safari hii polepole, kama anauliza.

"Rehani?"

Akasubiri. Akashusha mkono.

Sitaki nikudanganye, mimi ni mtu wa kuswali. Tangu hapo hajasema tena. Rhoda anasema sauti ikitoka mara moja njia imefunguka, lakini inataka kuitwa, ikiachwa inaweza kujifunga. Leo asubuhi nimemkuta amegeuza uso dirishani ametega sikio, na chai imepoa. Anangoja ajibiwe kutoka dungu la chini. Nimejaribu, na Sufiani amejaribu. Si letu.

Kwa hiyo naomba unifungue ahadi yangu. Ijumaa ya kwanza baada ya kusoma barua hii, piga baada ya sala, kama zamani. Simu nitaiweka sikioni kwake. Usimwamkie wala usimuulize hali, mambo hayo ndiyo yaliyokuwa yanagonga ukuta. Wewe mjibu tu.

Shangazi Mwanaisha anakusalimu, anasema mbegu yako ya kunde ameitunza. Sufiani anakusalimu, na Rhoda ambaye hujamwona anakusalimu kama mtu anayekujua, maana jina lako amelisikia likipaa mtoni. Msalimie sana Pendo. Yule anayewavusha jangwa viumbe wasiojaa hata kiganja, akulinde huko uliko na akuvushe nawe salama siku utakayoamua kuja.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unaponyamaza,

Rukaya

Nyongeza: Usijibu kwa sauti ya simu. Jibu kwa ile sauti yako ya bondeni, iliyokuwa inabwekesha mbwa wa kijiji cha pili. Majirani wa huko wakikugongea mlango, waambie ndege wao wameingia shambani kwa mama yako.