Dhamana Mpaka Mwaka

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Mjini Unguja
Jumatatu, tarehe 15 Juni 1998, saa tatu na dakika ishirini asubuhi

Jina: Sichana Khatib Kificho
Umri: Miaka 52
Dini: Muislamu
Kazi: Mpiga chapa, zamani karani wa serikali
Anapoishi: Kikwajuni
Shauri: Malalamiko ya Bi Mwanapili Mzee wa Makunduchi dhidi ya Bwana Khalil Saud, muuza magari wa Mlandege

Nimeelezwa kwamba ninayoyasema yanaweza kutumika mahakamani, na kwamba kusema uongo hapa ni kosa. Nimefahamu. Nasema kwa hiari yangu, ingawa Koplo ameshanitaka mara mbili nipunguze hadithi.

Kazi ya kupiga chapa niliifanya serikalini miaka ishirini na mbili. Tangu 1991 nina mashine yangu ya chapa kwenye baraza ya duka la Bwana Khalil Saud, hapo Mlandege. Baraza ni yake na hanitozi kodi. Yeye anauza magari yaliyokwisha kutumika, yanayoletwa kwa meli kutoka Dubai, na mimi humpigia hati za mauziano. Ndiyo maana naitwa shahidi. Jengine ni kwamba nina masikio, na mtu akizungumza karibu yangu siwezi kujifanya sisikii.

Mnamo tarehe 8 Novemba 1997, siku ya Jumamosi, saa nne na robo asubuhi, nilikuwa barazani nikibadilisha utepe wa mashine. Akaja mama mmoja mtu mzima na mkoba wa ukindu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Huyo ndiye Bi Mwanapili Mzee, mkulima wa mwani. Alikuja kununua pikapu nyeupe kwa niaba yake na wanawake wenzake wanane. Alinieleza kwamba kila wakikausha mwani hungoja gari la mtu, na gari la mtu huja likitaka, na mvua haingoji. Msimu uliopita walitupa magunia kumi na moja yaliyorowa. Wakaapa kuwa na gari lao.

Bei walikuwa wameshaelewana. Kilichobaki ni dhamana. Bwana Khalil hutoa dhamana ya miezi mitatu kwa kila gari, kwa injini na giaboksi. Maana yake, kimojawapo kikifa ndani ya muda huo, anakitengeneza yeye kwa fundi wake bila ya malipo. Anayetaka muda zaidi huongeza laki moja. Hiyo ndiyo anayoiita nyongeza.

Bi Mwanapili hakumuuliza Bwana Khalil. Alinigeukia mimi. Alisema, "Mwanangu, wewe unayeandika, hii nyongeza ina faida, au nnaliwa tu?"

Nilimjibu kwamba sijui, lakini na mimi nataka kujua. Ni kweli nilitaka. Nimepiga chapa dhamana nyingi za Bwana Khalil na sikuwahi kuona mtu akirudi kuidai, na nikawa najiuliza kama magari ni mazuri kiasi hicho au watu huona haya. Basi nikaanza kumuuliza. Je, tairi zimo? Hazimo. Betri? Haimo. Klachi? Haimo. Je, gari likizimika Makunduchi, nani analivuta mpaka mjini? Mwenye gari. Nikamuuliza, "Kama gari zima, nyongeza ya nini? Na kama bovu, mbona unamuuzia?"

Bwana Khalil alicheka. Akasema, "Bi Sichana, wewe ungeajiriwa polisi watu wasingelala."

Bi Mwanapili aliposikia yote hayo alisema miezi mitatu inamtosha, akachukua mkoba wake kusimama. Hapo Bwana Khalil akamwambia, na haya ni maneno yake, "Ngoja mama. Toa hiyo laki, mimi n'takupa dhamana mpaka Mwaka."

Bi Mwanapili alikaa tena. Aliuliza, "Mpaka Mwaka?"

Akajibiwa, "Mpaka Mwaka, Bi Mwanapili."

Nilimuona akihesabu kwa vidole. Alimaliza mkono mmoja akaingia wa pili, akasimama kwenye kidole cha tisa. Kisha akafungua mkoba akatoa laki moja, noti zimefungwa kwenye kanga.

Koplo ameniuliza kwa nini nayakumbuka mambo ya vidole. Najibu kwamba nilikuwa nikimtazama kwa sababu nilitaka kuona ataamuaje. Sikumshauri kununua wala kutonunua.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Nilipoweka karatasi mashineni, Bwana Khalil alinitajia maneno: "Dhamana hii ya injini na giaboksi itaendelea mpaka Mwaka." Mimi nikaona sentensi inaning'inia. Serikalini tulifunzwa kwamba karatasi isiache neno linaloning'inia. Nikapiga: "itaendelea mpaka mwaka mpya." Neno "mpya" ni langu. Hakuna aliyeniambia niliweke. Nilidhani nasaidia. Wote wawili walitia saini, kila mmoja akachukua nakala yake.

Mnamo tarehe 10 Juni 1998, siku ya Jumatano, saa sita na nusu mchana, Bi Mwanapili alifika dukani na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alisema pikapu imesimama Tunguu tangu asubuhi, imejaa mwani, gia haziingii hata moja. Fundi wa hapo Tunguu ameifungua akasema giaboksi imekufa. Alitoa karatasi yake kutoka mkobani, imekunjwa vizuri, akampa Bwana Khalil.

Bwana Khalil aliisoma akasema, "Mama, hii imeshakwisha. Mwaka mpya umepita tangu Januari."

Bi Mwanapili alisema, "Mwaka haujafika."

Akaambiwa, "Umefika na umepita. Leo Juni."

Bi Mwanapili akasema, "We Khalil, Mwaka ni Julai! Kwani hujui Mwaka?"

Hapo ndipo nilipofahamu niliyoyafanya. Kwa mtu wa Makunduchi, Mwaka ni siku moja inayojulikana, siku ya kukoga Mwaka, mwezi wa Julai, watu wanapopigana kwa migomba na kuchoma kibanda na kula. Hakuna haja ya kusema mpya. Mimi mtu wa mjini nikaona neno limekatika nikaliunga, nikamharibia.

Niliinuka kwenye mashine yangu. Nilimwambia Bwana Khalil kwamba Januari haiwezekani. Dhamana ya kawaida ni miezi mitatu, na kutoka tarehe 8 Novemba hiyo inafika tarehe 8 Februari. Nani atoe laki moja kununua nyongeza inayokwisha kabla ya ile inayoiongezea? Bwana Khalil aliisoma karatasi tena. Kisha akasema alikusudia mwaka wetu Waislamu, Muharram, nao uliingia mwisho wa Aprili. Nilimuuliza mbona dakika tano nyuma ulikuwa Januari. Akaniambia niendelee na kazi yangu.

Nimemuuliza Koplo yeye anahesabu mwaka mpya upi. Ameniambia hapa kituoni mwaka mpya ni tarehe mosi Julai, mwaka wa fedha wa serikali, karatasi na petroli zinapokuja. Basi ipo minne, na miwili kati ya hiyo bado haijafika.

Nimeulizwa kama siku ya mauziano nilisikia maneno mengine yoyote baina yao kuhusu muda wa dhamana. Nimejibu sikumbuki.

Naomba jibu hilo lifutwe. Koplo amesema halifutwi, linabaki, na mimi niendelee chini yake. Vizuri, libaki. Nakumbuka.

Mnamo tarehe 12 Juni 1998, siku ya Ijumaa, baada ya sala, Bwana Khalil alikuja barazani na kikapu kidogo cha halua ya moto. Hajawahi kuniletea halua tangu tufahamiane. Alikaa akaniuliza hali, akauliza mashine inakwendaje. Kisha akasema, "Bi Sichana, karatasi umeiandika wewe, inasema mwaka mpya. Watakuita. Wewe soma kilichoandikwa tu, mengine ya zamani hayo, nani anayakumbuka." Hakunitisha. Hakusema neno juu ya baraza. Lakini alipokuwa akiondoka aliigonga gonga nguzo ya baraza kwa kiganja, kama mtu anayemgonga ng'ombe wake.

Halua niliila. Nasema kweli, na ilikuwa nzuri. Usiku sikuwa na raha hata kidogo, na haikuwa kwa halua. Mashine yangu ni nzito, Koplo, na mimi mgongo wangu si wa kuihamisha. Nilikuja hapa asubuhi nimeshakata shauri kusema sikumbuki. Lakini nilipopita ukumbini nilimkuta Bi Mwanapili amekaa kwenye benchi. Nilimwamkia kwa aibu. Akaniitikia, akanishika mkono, akaniambia, "Mwambie Khalil mimi sijamtoa. Nafasi yake iko palepale."

Nitaeleza nafasi gani. Tarehe 8 Novemba, walipokwisha kutia saini, Bi Mwanapili alimwambia Bwana Khalil kwamba kwao siku ya Mwaka nyumba haikai bila mgeni, na nyumba isiyo na mgeni siku ile huona mwaka wake una nuksi. Akamtaka awe mgeni wake. Bwana Khalil akampa mkono, akasema, "Ishakuwa. Siku ya Mwaka nnakuja kwenu, mniwekee pilau. N'talikagua gari mwenyewe, na dhamana yetu tuifunge hapo hapo mbele ya watu." Mimi nilikuwa nikiifunika mashine yangu. Nilikuwa umbali wa hatua mbili. Nilisikia kila neno.

Pilau hiyo si ya Januari wala ya Muharram. Alijua ni Mwaka upi.

Sisemi kwamba Bwana Khalil alipanga kudhulumu. Nadhani siku ile alisema kweli, na giaboksi ilipokufa akaona neno langu "mpya" akajificha ndani yake. Lakini nyongeza ile Bi Mwanapili hakuinunua kwa sababu ya karatasi. Aliinunua kwa sababu alifikishwa kwenye kidole cha tisa. Aliniuliza ina faida au analiwa, nami sikujua la kumwambia. Sasa najua kwamba jibu lake lilikuwa mikononi mwangu, nami nililipiga chapa vibaya.

Sina jengine la kuongeza. Nimesomewa yote kwa sauti, nimeyafahamu, ni maneno yangu, pamoja na lile la "sikumbuki" ambalo si kweli.

Saini: S. Khatib Kificho

MAELEZO YA MUANDISHI
Nimeandika maelezo haya mimi, WP 1186 Koplo Mashavu Hasan, kwa lugha ya Kiswahili, na yamemalizika saa tano na dakika kumi. Shahidi ametia saini pembeni ya jibu lililosahihishwa. Shahidi ametoa mfuko wenye halua iliyobaki, kiasi cha robo kilo, akataka urudishwe kwa Bwana Khalil Saud; nimemwambia aupeleke mwenyewe. Nimemfahamisha kwamba huenda akaitwa mahakamani kabla ya mwaka mpya. Ameniuliza upi. Nimeyakata maneno hayo na kuandika tarehe.